Kuziba Sauti Si Kuzima

Wazazi wake walimpa jina zuri na la heshima, lakini mjini hapakuwa na mtu aliyelikumbuka. Wote walimwita Zima-Washa, hata mkewe akiwa amekasirika. Kibanda chake kilikuwa kona ya mwisho kabla ya mpaka, ukishapita kituo cha mafuta, na kazi yake ilikuwa kama jina linavyosema. Gari likienda ng'ambo, yeye huzima. Gari likirudi, yeye huwasha.

Alichokizima ni onyo la kamera. Upande huu wa mpaka dereva anaruhusiwa kuwa na kidude cha ramani kinachomwambia kwamba mbele kuna kamera ya kupima mwendo. Kinasema, "Kamera mbele, punguza mwendo," kwa sauti ya mwanamke aliyeshiba na asiye na haraka ya kwenda popote, na dereva anapunguza. Upande wa pili ni kosa. Ramani wanairuhusu, kuonyeshwa njia wanakuruhusu, ila hilo onyo hawataki kulikuta ndani ya gari linalotembea, hata kama limenyamaza kimya. Wenyewe wanasema kamera ziliwekwa ili watu waende taratibu kila mahali, si pale tu wanapochunguliwa. Zima-Washa aliona wana hoja. Lakini mbele ya wateja alijitia kuwacheka, kwa sababu dereva hapendi kuambiwa kwamba serikali ya watu wengine ina akili.

Kibanda kile zamani kilikuwa cha kinyozi, na kioo kikubwa kilibaki ukutani, basi madereva walichana nywele huku wakingoja. Kazi yenyewe, ukiifanya inavyotakiwa, ina hatua zake. Unaingia kwenye mipangilio, unazima maonyo. Kisha unaifuta orodha yote ya kamera iliyomo ndani. Kisha unakizima kidude na kukiwasha upya, unampa mteja mkononi na kumwambia, "Tafuta kamera." Anatafuta, hazipo, anacheka, anakwenda zake na amani. Taabu ni wakati wa kurudi. Orodha ile inabidi uirudishe, nayo inaingia polepole kama maji ya bomba wakati wa mgawo, huku nyuma magari yanapiga honi na kila mtu anadai kwamba yeye ndiye mwenye mgonjwa nyumbani.

Basi fundi wetu akapata akili, ile akili ambayo ni afadhali mtu asiipate. Akagundua kwamba anaweza kuziba sauti ya onyo peke yake na kuzificha picha za kamera kwenye ramani, orodha ikabaki ndani, imelala. Mteja akitazama, haoni kitu. Akirudi, fundi anabonyeza mara moja tu na mambo yamekwisha. Alianza na wateja wenye haraka. Halafu akafanya hivyo siku za foleni. Mwishowe ikawa ndiyo njia yake, na kile kipengele cha kumwambia mteja "tafuta kamera" akakiacha kimyakimya, wala hakuna aliyeuliza kimekwenda wapi.

Miongoni mwa wateja wake alikuwamo mshona mapazia mmoja aliyeitwa Mama Polepole. Hilo jina hakulipata kwa hisani. Baiskeli zilimpita. Mbuzi aliyeamua kuvuka barabara mbele yake alikuwa na muda wa kubadili mawazo na kurudi. Mtu kama huyo onyo la kamera halimfai kitu, ni sawa na kumpa mwavuli samaki. Kidude alipewa na mwanawe wa kiume, na alikipenda kwa sababu kilimwongelesha njiani. Kila Jumamosi alivuka mpaka kwenda kumhudumia mama yake, ajuza aliyebaki peke yake kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe. Bibi yule alikataa katakata kuhama. Alisema amezika mume uani, hawezi kumwacha na wapangaji. Kwa hiyo binti alikwenda, akamwogesha, akambadilishia shuka, akampikia vya siku kadhaa, akarudi. Jirani mmoja alimchungulia Bibi siku za katikati. Mabasi hayakufika kijiji kile. Bila gari hapakuwa na Jumamosi.

Na kila Jumamosi, kabla ya mpaka, Mama Polepole alisimama kibandani. Angeweza kujifunza kuzima mwenyewe, lakini alisema sheria ya watu si ya kubahatisha, ni afadhali iguswe na mtu anayejua.

Jumatatu moja alikuja kwa miguu. Zima-Washa alikuwa ameinamia redio ya lori, bisibisi mdomoni, akamwona kwenye kioo cha kinyozi kabla hajageuka.

"Fundi," akasema mama yule, amesimama mlangoni kana kwamba haruhusiwi kuingia. "Nimekutia aibu."

"Aibu gani tena, mama? Ingia ukae."

Akaketi, akafungua mkoba, akaufunga. "Juzi nimesimamishwa ng'ambo. Kizuizi cha kawaida tu. Askari mwenyewe kijana mwenye adabu, akaniamkia. Akaniuliza, mama, una kidude cha ramani? Nikamwambia ninacho, na kamera zimezimwa, chukua ujionee, mimi nina fundi wangu mtu makini. Nilimpa mwenyewe, fundi. Hata hakuomba. Nilimpa nikijiona kweli."

Zima-Washa akaitoa bisibisi mdomoni.

"Akabonyeza, akabonyeza. Akaniuliza, mama, na hizi je? Nikatazama, kumbe zimejaa humo! Kamera zote, kutoka mpakani mpaka mji mkuu wao, zimepangwa kama vifungo dukani. Nikamwambia haiwezekani, fundi wangu hakosei. Akasema, basi ni nani? Nikafikiri, nikaona ni mimi tu. Hivi vidole vyangu vimezoea sindano, vioo hivi vya kugusa sivijui, labda nilipangusa vumbi nikabonyeza mahali. Nikamwambia, basi ni mimi. Akaandika kwamba nimekiri."

"Wamekufanya nini?"

"Faini nimelipa. Kidude wamekizuia. Gari wameniachia nirudi nalo, ila wamenifungia kuendesha upande ule, mwaka mzima." Akaufungua tena mkoba. "Sasa Mama ataogeshwa na nani?"

Yule fundi alijua. Nataka hilo lieleweke, asije mtu akamtetea. Hakuhitaji kufikiri wala kukumbuka. Jumamosi ile palikuwa na foleni hadi kituo cha mafuta, na kidude cha Mama Polepole alikishika kwa muda wa mtu kupiga chafya. Aliziba, akaficha, akarudisha. Neno lilimfika kooni. Nje dereva wa lori akapiga honi akidai redio yake, na lile neno likapata kisingizio cha kurudi tumboni.

"Pole sana, mama," akasema.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, fundi," akajibu Mama Polepole, akasimama kwenda zake. "Nimekuja tu usije ukasikia kwa watu ukadhani nimekusema vibaya."

Ilikuwa afadhali angemzaba kibao. Zima-Washa akamfuata nje mbio, na kabla hajajua anasema nini akajisikia akisema kwamba Jumamosi atafunga kibanda, ataendesha yeye gari la mama, ampeleke na kumrudisha, Jumamosi hii na zinazofuata. Mama Polepole akaishika mikono yake yote miwili, yenye grisi vilevile, akamwombea dua hapohapo barabarani, dua ndefu iliyowataja watoto wake mmoja mmoja. Fundi akatazama chini mpaka ikaisha.

Mkewe hakuwa mtu wa kudanganywa kwa wema. "Jumamosi?" akamuuliza jioni, akichambua mboga. "Siku yako ya kazi kuliko zote? Tangu lini umekuwa mtakatifu?"

"Ni mteja wangu wa siku nyingi."

"Mwenye lori la mayai pia ni mteja wako wa siku nyingi. Alipovunjika mguu ulimtumia salamu tu." Akamtazama. "Baba watoto, una lako jambo."

"Sina jambo."

"Haya. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi ni kata, nitangoja."

Jumamosi zikaanza. Gari la Mama Polepole lilikuwa na kitambaa alichokidarizi kwenye kila kiti, na mwenyewe alikaa upande wa abiria, mkoba mapajani, akimsifu dereva. Fundi, ambaye akiwa peke yake ni mtu wa kukanyaga mafuta, aliendesha kwa mwendo wa yule mama. Kila walipopita chini ya kamera, alihisi inamtazama yeye. Mama Polepole alisimulia habari za mapazia na za mwanawe, na katikati ya habari hakukosa kusema, "Mungu akulipe, fundi," na kila mara fundi alipata kazi ya haraka ya kurekebisha kioo cha pembeni.

Kulikuwa na rufaa. Askari yule mwenye adabu alikuwa amemweleza mama kwamba akiona ameonewa anaweza kwenda ofisini kwao kujieleza, mlango uko wazi. Fundi alimuuliza siku moja, macho barabarani, kwa nini haendi.

"Nikamwambie nani nini? Kosa ni langu. Nikaanze kutafuta mtu wa kumsingizia, uzeeni?"

Palikuwa mahali pazuri pa kusema. Barabara ilikuwa tupu, mtu hayuko, hata honi ya kumwokoa haikuwapo. Akasema kwamba mawingu yale yanaonekana kama yana mvua.

Bibi naye akammaliza kabisa. Alikuwa mdogo, mkavu, macho yamefifia, ulimi mzima. Siku ya kwanza alimpapasa fundi mkono mpaka bega kama mtu anayenunua kuku. "Huyu ndiye aliyefunga duka lake kwa ajili yangu? Mwanangu, wako watu niliowazaa mwenyewe wasiofanya hivyo." Akamwekea kiti kivulini, akamtengea kikombe chake, akakataza mtu mwingine asikitumie. Wakati binti akimwogesha, walikuwa wakicheka wawili wale huko ndani, na fundi alikaa nje akisikia maji na kicheko, akijiambia kwamba hakuna aliyeharibikiwa. Bibi anaogeshwa. Mama anasafiri. Deni analilipa kwa jasho, kuna haja gani ya maneno? Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja, na huyu alikuwa nazo za kutosha kufungulia duka.

Halafu Bibi akaanguka, na haikuwa Jumamosi.

Jirani alipiga simu asubuhi: amemkuta Bibi chini jikoni, ameumia kichwa, hataki kuguswa na mtu, anamtaka binti yake. Gari la Mama Polepole lilikuwa pale uani kwake, tanki limejaa. Mama yule, ambaye alikuwa na leseni tangu usichana wake na hajawahi kukwaruza hata ukuta, aliliacha gari lake akakimbia kwa miguu mpaka kibandani. Kibanda kimefungwa. Fundi alikuwa amekwenda mjini kununua nyaya, na simu ameiacha mezani kwenye chaji. Mama Polepole aliisikia ikilia humo ndani kila alipompigia.

Aliketi kwenye kizingiti. Aliwaomba madereva wawili watatu waliokuwa wakipita, mmoja akamwambia njia yake si ile, wengine hawakusimama. Zima-Washa aliporudi jua limekwisha kuwa kali, akamkuta hapo, viatu kavivua, uso umemshuka.

"Fundi," akasema tu. "Mama."

Fundi aliinyakua simu yake mezani, wakalifuata gari, na siku hiyo alikanyaga mafuta, wala Mama Polepole hakusema mwendo ni mkali.

Bibi walimkuta bado sakafuni, jikoni, amelazwa juu ya mkeka na mto chini ya kichwa. Mganga wa zahanati alikuwa amefika akamfunga bandeji, akasema mfupa haukuvunjika, lakini Bibi alikataa kuinuliwa. Alikuwa amejikojolea, na hakutaka mtu mwingine amwone. Tangu asubuhi amelala hivyo, anamngoja mwanawe. Binti alipopiga magoti, Bibi akasema, "Umekawia," akaanza kulia kama mtoto, bila kuona haya.

Zima-Washa alitoka nje. Alisimama uani karibu na kamba ya kuanikia nguo, mikono haijui pa kukaa. Kama angekuwa na machozi angelia, lakini aliona hata kulia pale ni kumwibia mwenye haki ya kulia.

Baada ya muda Mama Polepole akatoka na beseni la shuka, amemaliza kumsafisha mama yake na kumlaza. Akaanza kukamua.

"Ni mimi," akasema fundi.

"Ni wewe nini?"

"Kile kidude. Hukukigusa mahali. Mimi sikukizima. Niliziba sauti tu na kuficha picha, kamera nikaziacha ndani. Palikuwa na foleni. Si wewe, mama. Ni mimi."

Mama Polepole akaikamua shuka mpaka tone la mwisho. Akaitundika, akainyoosha pembe zake, kazi ya mtu wa mapazia.

"Siku ile nilipokuja kwako kwa miguu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukaniambia pole."

"Ndiyo."

"Na safari zote hizi. Nakuombea dua, nawataja wanao. Unaitikia amina."

Fundi alingoja atukanwe, na kusema kweli alitamani atukanwe, kwa kuwa tusi ni malipo na mtu akishalipwa huondoka. Mama Polepole hakumpa. Alichukua shuka ya pili, akaikamua nusu, kisha akasimama nayo mkononi inachuruzika.

"Na wengine?" akauliza. "Ni wangapi wako barabarani huku sasa hivi, wamekuamini?"

Hilo hakuwa amelifikiria hata siku moja. Alikuwa ameshughulika kuhuzunika juu ya mtu mmoja, akaona huzuni hiyo ni kubwa na inatosha. Akaketi palepale kwenye majani.

Alianza kupiga simu kabla hawajaondoka uani. Dereva wa lori la mayai alimtukana vizuri, kwa mpangilio, akaanza na kichwa akamalizia na ukoo. Mwingine alicheka akidhani ni mzaha. Mwingine alisema, "Niko na familia nzima humu garini, fundi," akakata. Kesho yake alibandika karatasi kwenye kioo cha kinyozi yenye maneno makubwa ya kuwaomba wote aliowahudumia warudi wafutiwe bure. Walirudi. Walifutiwa. Kila mmoja alidai kukishika kidude mwenyewe na kutafuta kamera, na kila mmoja alipoondoka hakuonekana tena. Kwenye kituo cha mafuta mtu akazuka na meza yake, na foleni ikahamia huko. La kuvunda halina ubani. Mkewe aliisoma ile karatasi tangu juu mpaka chini, akamwambia, "Kumbe ndilo hili," akamwekea chakula. Hakumsema. Fundi alikula kwa shida.

Walikwenda ng'ambo ofisini, yeye na Mama Polepole. Mkubwa wa askari wa barabarani alikuwa mtu mzima mwenye miwani. Alikitoa kidude kabatini, akamwacha fundi amwonyeshe kilivyozibwa, mahali gani na kwa njia gani. Akatikisa kichwa.

"Sheria zetu zinamshika dereva," akasema. "Kilichomo garini ni cha dereva. Faini itabaki. Lakini alifungiwa kwa sababu alikiri kuziwasha mwenyewe, na sasa naona hakuziwasha. Kuanzia kesho, mama, endesha." Akamgeukia fundi. "Kwa nini hukuzifuta kabisa?"

"Nilikuwa na haraka."

"Ya kwenda wapi?"

Zima-Washa alitafuta jibu. Kibanda kilikuwa kulekule mpakani, nyumba nyuma ya kibanda, maisha yake yote hatua chache kutoka kwenye ile kona. Hakuwa na haraka ya kwenda popote. Mkubwa hakumsubiri, akapiga muhuri.

Kwa kuwa ruhusa ingeanza kesho yake, fundi aliendesha mara moja ya mwisho mpaka kwa Bibi. Mlangoni Mama Polepole akamshika mkono wa shati, naye hakuwa amemgusa tangu siku ile ya shuka.

"Mama hajui," akasema kwa sauti ya chini. "Na hatajua. Anakupenda. Usiniondolee na hilo."

Bibi alikuwa amekaa kitandani, bandeji imebaki ndogo. Alipoambiwa kwamba binti yake amefunguliwa, ataendesha mwenyewe tena, alipiga kigelegele chembamba kilichoishia kwenye kikohozi. Kisha akapapasa hewani mpaka akampata fundi, akamvuta aketi kando yake, akamgeukia binti.

"Umemshukuru huyu?" akauliza. "Mtu baki, si ndugu wala jamaa, ameacha kazi zake kuhangaika nasi. Mshukuru nami nisikie. Sikukulea kuwa mtu asiye na shukrani."

Mama Polepole alikuwa anakunja nguo. Akaiweka chini, akamtazama Zima-Washa usoni bila kupepesa.

"Ahsante, fundi," akasema, kwa sauti nzuri kabisa, tena kwa upole, ili mama yake aridhike.

Bibi akangoja, mkono wake mkavu ungali juu ya mkono wa fundi, kwa sababu mtu akishukuriwa hujibu.

"Si kitu, mama," akasema Zima-Washa.